Swali la Saba

Theuri aliisikia randa kabla hajauona mlango. Ukungu wa Julai ulikuwa umeimeza Gatitu nzima, nyumba, nyua na barabara, na ndani ya weupe ule ilikuja sauti moja ndefu, shwaaa, ikatulia, kisha shwaaa nyingine. Hakukuwa na mwanagenzi aliyeweza kuisukuma randa kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho wake bila kukatika katikati. Huyo alikuwa mzee Kihara mwenyewe, mwenye karakana. Na Kihara akiranda mapema namna hiyo, kabla ya chai, basi kuna jambo analikimbia.

Theuri alilijua jambo hilo. Lilikuwa mfukoni mwake, limekunjwa mara nne.

Ilikuwa fomu. Mwaka huo Uhuru ulikuwa unaelekea kutimiza miaka kumi, na kamati ya mafunzo ya ufundi ya wilaya ilikuwa imeamua kwamba Jumamosi, katika ukumbi wa mjini Nyeri, watu wa mikono nao waitwe jukwaani, waseme maneno machache na kupigiwa makofi, si makarani na walimu peke yao. Angeitwa mwanagenzi bora wa kila ufundi. Angeitwa mwajiri bora, yule aliyefundisha vijana vizuri kuliko wenzake, apewe ngao. Mafundi wanne waliotumwa na kamati walikuwa wamepita wilaya nzima wakifungua droo, wakipitisha kucha kwenye viungo, wakipindua viti kutazama chini ambako fundi mvivu huficha aibu zake. Walipofika kwenye kabati la mbao za mtarakwa alilolitengeneza Theuri, lisilokuwa na msumari hata mmoja, mmoja wao aliufunga na kuufungua mlango wake mara tano. Wiki iliyofuata barua ikaja. Useremala, wilaya nzima, wa kwanza alikuwa Theuri.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alitoka Mweiga, ambako baba yake alichimba viazi kwenye shamba la mtu mwingine, na ambako mwalimu mmoja alimwambia mbele ya darasa kwamba kichwa chake kinafaa kubebea gunia. Tangu siku hiyo alikuwa na kiburi, na hakuona sababu ya kukificha. Pamoja na sifa hiyo angepewa sanduku la vifaa na ruhusa ya kufanya mtihani wa daraja la kwanza mwaka huo huo, bila kungoja miwili mingine. Kwa mtoto wa mchimba viazi, hayo hayakuwa makofi tu. Yalikuwa maisha.

Lakini kamati ilikuwa na sharti lake. Mwanagenzi hatambuliwi ikiwa fomu ya mwajiri wake haikujazwa yote, kwa maana mtu hajifundishi mwenyewe porini. Jumanne Bwana Peterson, ofisa wa mafunzo na mwenyeji wa huku huku, alikuja na fomu hiyo, akaketi juu ya rundo la mbao na suti yake nzuri, akasoma maswali huku Theuri akiandika majibu ya mzee. Karakana ilifunguliwa mwaka gani. Arobaini na tisa. Vifaa gani vipo. Vikatajwa. Je, mwajiri huwapiga wanagenzi? Kihara alifikiri kidogo, akasema aandike kwamba si kila siku. Bwana Peterson alicheka mpaka akashika mbavu.

Ndipo likaja swali la saba. Tangu ulipofungua karakana, umechukua vijana wangapi kuwafundisha?

Kihara alivua kofia, akaitazama ndani yake, akaivaa tena. Alisema yeye hahesabu watu.

Bwana Peterson hakushangaa. Nyumba za zamani za upande ule hazikuhesabu watoto wala mbuzi kwa kunyoosha kidole, kwa sababu kuhesabu ni kuuonyesha msiba njia. Hata mama yake Theuri kule Mweiga, akiulizwa ana watoto wangapi, aliwataja kwa majina kuanzia mkubwa, na mwenye haja ya hesabu akajihesabia. Ofisa alijaribu kumbembeleza mzee. Alisema hata nyanya yake mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, na bado serikali ilimhesabu mwaka wa sitini na tisa asife. Kihara alitikisa kichwa. Mwishowe ofisa alisimama, akajipangusa vumbi la mbao, akasema fomu ikifika ofisini kwake kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, sawa. Isipofika, kuna kijana mmoja wa Othaya aliyeshika nafasi ya pili, na huyo mwajiri wake anajua kuhesabu.

Theuri aliwaka kwa hasira. Ofisa alipokwisha kuondoka alimwambia mzee kwamba siku hizi hata ng'ombe wa maziwa wanahesabiwa, na bado wanakamuliwa.

"Basi nenda uhesabu ng'ombe," Kihara alimjibu, akarudi kwenye kazi.

Kesho yake Jumatano, mzee alipotoka kwenda kutazama mbao kwa mtu wa kiwanda, Theuri alihesabu. Njia ilikuwa wazi ukutani. Kila kijana aliyeingia kwa Kihara alianza kwa kuchonga kigingi chake cha mzeituni wa msituni, akakipigilia ukutani, halafu akachonga mwili wa randa yake mwenyewe na kuitundika hapo. Siku ya kumaliza alichukua randa yake akaenda nayo ulimwenguni, na kigingi kikabaki kitupu. Hakikutolewa wala kupewa mwingine. Theuri alipita ukuta mzima akigusa kimoja kimoja. Kigingi cha sita ndicho pekee cha kale kilichokuwa bado na randa, nzee, chuma chake kimeshika kutu, mwili wake umechongwa nusu. Wanagenzi walikuwa wakiambiana kwamba ni ya ndugu wa mzee. Theuri aliisogeza kidogo aone kigingi kilicho nyuma yake, akaendelea. Cha mwisho kilikuwa chake. Akaandika kwa wino: 23.

Sasa, asubuhi ya Alhamisi, aliingia na ukungu mabegani, akamsalimu mzee. Randa ilinyamaza.

"Umeandika," Kihara alisema.

Theuri hakujua mzee amejuaje, mpaka alipofuata macho yake hadi ukutani. Juu ya randa ile nzee, katika vumbi la miaka, palikuwa na alama za vidole vinne.

"Ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Na huyu?" Kihara alielekeza kidevu kwenye kigingi cha sita. "Huyu pia umehesabu?"

"Mimi nimehesabu vigingi, mzee. Sijahesabu watu."

"Hiyo kigingi iko na mtu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sasa wewe unajua kuandika, niambie. Uliandika mtu aliye hai ama aliyekufa?"

Mzee aliketi juu ya ukingo wa meza ya kazi, na akamweleza, polepole, kama mtu anayeng'oa msumari uliopinda.

Mwanagenzi wa sita aliitwa Muriithi. Alikuja akiwa na miaka kumi na sita, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa Kihara mwenyewe. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwawinda wapiganaji wa msituni. Kila Mkikuyu alilazimishwa kutembea na kitabu cha pasi, chenye jina lake, alama ya kidole gumba na saini ya bwana wake, na asiyekuwa nacho barabarani alipakiwa kwenye lori akapelekwa kambi ya mahabusu. Siku hizo waajiri walikuwa na desturi moja. Kijana akiwa hodari, mwajiri alimwekea kitabu chake ndani ya sanduku, akafunga. Walisema ni ili kisipotee. Ukweli ni kwamba kijana asiye na kitabu hawezi kuhamia kwa fundi mwingine, na fundi mmoja wa mjini alikuwa amekwisha kumtolea macho Muriithi. Kihara hakuwa mbaya kuliko wengine. Alifanya walivyofanya.

Asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na nne alimtuma Muriithi apeleke mlango kwa mteja upande wa Ruring'u. Kijana alimwomba kitabu. Kihara alikuwa na gundi mikononi, na gundi ikipoa imeharibika. Alimwambia aende tu, ni hapa karibu, askari wa kizuizi cha barabarani wanamjua. Lakini asubuhi hiyo askari walikuwa wamebadilishwa. Mlango uliokotwa kando ya barabara, umelazwa vizuri juu ya nyasi ili usikwaruzwe. Kesho yake Kihara alikwenda na kitabu hadi kizuizini, akaambiwa malori yameondoka. Alikwenda kwenye kambi moja, akaenda kwenye nyingine. Uhuru ulipokuja na wafungwa wakarudi, alisimama stendi ya mabasi Nyeri siku nyingi akitazama nyuso. Hakuna aliyemwambia Muriithi amekufa. Hakuna aliyemwambia anaishi.

Alifungua sanduku lililokuwa chini ya meza, akatoa kitambaa, akakikunjua. Kitabu kilikuwa ndani, kisafi kama kilivyokuwa siku kilipofungiwa.

"Hiyo fomu inauliza kama mimi ni mwajiri mzuri," alisema. "Nikimhesabu, nimesema nilimfundisha nikamaliza. Nikimwacha, nimemzika. Mimi siwezi hata moja."

Theuri alikitazama kile kitabu, na jambo lingine likamjia, baridi kuliko ukungu wa nje. Kila siku saa nne wanagenzi walivuka barabara kunywa uji kwa mama mmoja ambaye Gatitu yote ilimwita Mama Muriithi. Kihara peke yake ndiye aliyemwita Ngendo. Na kila kijana mgeni aliyekuja kunywa uji, mama yule alimwuliza karatasi zake ziko wapi, akamwonya: "Wangu alipoteza kitabu, na kitabu kikampoteza yeye." Theuri aliyasikia maneno hayo miaka mitatu. Wengine waliyafanyia mzaha.

"Hajui," alisema Theuri.

"Hajui."

"Miaka kumi na tisa anafikiri ni uzembe wa mtoto."

Kihara hakuinua uso. Alisema fomu imejaa sasa, namba ipo, na yeye ataweka saini. Theuri aipeleke mjini, apate haki yake. Asiache jina lake lioze kwa sababu ya makosa ya mtu mwingine. Hakuna atakayejua.

Na ilikuwa kweli, hakuna ambaye angejua. Theuri alisimama na fomu mkononi, na kwa kitambo alijiona jukwaani, maneno aliyoyatunga kujisifu yakiwa tayari ulimini, na Mama Muriithi akipiga makofi katika viatu alivyoazima, kwa maana alikuwa ameshamwambia kwamba atakuja, mtoto aliye jukwaani asikose wa kumshangilia. Hapo ndipo picha ilipomchoma. Angepigiwa makofi na mwanamke yule, kwa karatasi ile.

"Mwaka wa kwanza nilitengeneza kigoda," alisema. Hakuificha hasira yake. "Kiungo kilikuwa na mwanya, nikajaza gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa. Hakuna jicho lingeona. Wewe ulikivunja kwa nyundo mbele ya mteja, ukaniambia nianze upya. Nililia, mzee. Sasa unanipa gundi na unga wa mbao, ati nipeleke mjini."

Mzee alifungua kamba za aproni, akaitundika, akachukua kile kitambaa na kilichomo.

Walivuka barabara. Mama Muriithi alikuwa akikoroga uji chini ya kibanda chake cha mabati, na alipomwona Kihara alianza kumtania kwamba leo mvua itanyesha mawe, tajiri amekuja mwenyewe kunywa uji wa shilingi ya watoto.

"Mama Muriithi," alisema Kihara.

Upawa ulisimama. Hakuwahi kuitwa hivyo na mdomo ule.

Kihara alimweleza akiwa amesimama, kofia mkononi, bila kujitetea. Hakusema kwamba ilikuwa desturi. Alisema: kitabu nilikiweka mimi, aliniomba, nikamnyima. Kisha alimpa kitabu. Mama hakujua kusoma. Alizifunua kurasa mpaka akafika penye alama ya kidole gumba, nyeusi, mistari yake yote ikionekana, akaweka juu yake kidole chake mwenyewe na kukiacha hapo. Uji ulianza kufoka. Theuri aliiondoa sufuria motoni.

"Nimekuwa nikimgombeza," alisema mama. Hakuwa akiwaambia wao. "Kila siku. Nikifua, namgombeza. Hata kanisani, wengine wanaomba, mimi namwambia, Muriithi, kitabu tu, kitabu kidogo hivi, ulishindwa kukishika. Mtoto hana kosa na mimi namgombeza."

Kihara alipiga goti moja. Mama alimwambia asimame.

"Usiniombe kitu leo," alisema. "Labda mwaka mwingine. Leo hapana."

Alifuta uso kwa ncha ya leso, akamgeukia Theuri, akauliza karatasi ile ni ya nini. Theuri alimweleza swali la saba, na namba aliyoiandika, na kijana wa Othaya, na saa sita ya kesho. Alieleza yote, hata yale yaliyomwaibisha. Mama alisikiliza, halafu akauliza kama wakubwa hao wa mjini wanataka hesabu ama wanataka watu. Kama ni watu, watajwe kama watoto wanavyotajwa nyumbani, na wenye haja ya hesabu wajihesabie wenyewe.

Kwa hiyo Theuri aliikata namba yake kwa mstari mmoja, akaipindua fomu, akaiweka juu ya benchi la wanywa uji. Kihara alitaja, yeye akaandika. Wa kwanza, wa pili, jina na nyumba aliyotoka. Walipofika kwa wa sita mzee alimgeukia mama, akamwachia jina lile. Mama ndiye aliyelitaja.

"Muriithi wa Ngendo. Andika vizuri, herufi zote."

Majina yalipokwisha Kihara aliomba kalamu. Alikuwa mwandishi mbaya, na ilimchukua muda, lakini aliandika kwa mkono wake mwenyewe chini ya orodha: Kitabu cha pasi cha Muriithi kilikuwa kwangu. Akaweka saini.

Ijumaa saa nne Bwana Peterson aliisoma fomu hiyo mezani pake, mbele kisha nyuma. Alipofika chini hakufanya mzaha wowote. Alipitisha penseli kwenye majina, midomo yake ikienda, akaandika jumla pembeni.

"Nyinyi mtaje," alisema, "kuhesabu ni kazi ya serikali. Kama kuna laana itukute hapa ofisini." Halafu akauliza, akionyesha jina la sita, huyu alimaliza mwaka gani.

"Hajamaliza," alijibu Theuri.

Ofisa alimtazama, akagonga mhuri. Fomu ilikuwa kamili na jina la Theuri lingebaki lilipokuwa. Lakini kuhusu mwajiri bora, alisema, yeye hawezi kuificha sentensi ile, na kamati haiwezi kuisoma ikampa mtu ngao. Jioni ilijulikana kwamba ngao imekwenda mjini, kwa Roble mwenye gereji, ambaye vijana wake walitengeneza hata matrekta. Kihara aliposikia alisema huyo ni mtu wa haki, na akarudi kunoa patasi.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye madirisha. Theuri alibaki nje kidogo, shati limebana shingo, na karatasi ya maneno yake mkononi, yale ya kujisifu. Aliyasoma mara ya mwisho, akaona yameandikwa na mtu ambaye yeye hamjui tena. Aliichana mara mbili, akaitia mfukoni.

Mama Muriithi alipanda ngazi akiwa na viatu vya kuazima vilivyompwaya, kitabu kimefungwa kwenye leso kiunoni. Watu walimpisha na kumsalimu kwa jina lile lile ambalo walimwita siku zote. Alisimama mbele ya Theuri, akamnyoosha kola kwa vidole viwili, kama mtu anayenyoosha kola ya mwanawe.

"Wanakuita upande pale juu, useme," alisema. "Utasema nini?"

Theuri aligusa vipande vya karatasi mfukoni.

"Watu hawa wote wamenisikia nikimsema mwanangu vibaya," mama aliendelea. "Soko lote. Kanisa lote. Mimi siko na sauti ya kuwafikia wote tena. Nimezeeka."

Ndani, mtu alianza kusoma majina kwenye kipaza sauti. Theuri alitazama kupitia mlangoni. Kihara alikuwa ameketi safu ya kwanza, peke yake, kofia juu ya magoti, mahali ambapo hakuna neno lingempita.

"Na huyo akiwa amekaa hapo?" mama aliuliza, akifuata macho yake.

"Ndiye aliyechagua kiti," alisema Theuri. "Ameniambia nikimtaja nisipunguze kitu."

Jina lake liliitwa. Watu waligeuka kumtafuta. Yeye alishika mkono wa mama, mkono mkavu wenye harufu ya moshi na unga wa wimbi, akasema kwa sauti iliyowafanya waliosimama mlangoni wanyamaze:

"Nitaanza na yeye, mama. Nakuahidi. Nitasema Muriithi wa Ngendo, mwanagenzi wa Kihara, hakupoteza kitabu chake. Nitasema hivyo kwanza, wasikie mpaka walio madirishani, kabla sijataja jina langu."